Fizikia Si ya Wenye Bweni Pekee

Wanachama wenzangu, mbona tunaikimbia fizikia mara tu tukifika kidato cha tatu? Eti ni somo la wenye bweni! Profesa Francis Gichaga, mhandisi aliyekiongoza Chuo Kikuu cha Nairobi kuanzia 1991 hadi 2002, utaalamu wake ulikuwa barabara: jinsi lami inavyobonyea magari mazito yakipita. Jamani, hiyo si ndiyo fizikia yenyewe? Sisi wa shule ya kutwa hapa Kakamega huikanyaga lami hiyo kila siku, na trekta za miwa tunazipisha kwa kuruka mtaroni. Mashimo tunayajua moja moja. Darasani tumebaki saba. Baba anasema nichukue biashara, fizikia itanishushia gredi. Mimi nimekataa, na bado tunabishana.