Nani Alisema Muzungu Hana Jamaa?



Katika mkutano mmoja wa chama chetu, muzee ninayemheshimu sana alisimama akasema: « Desturi iko kwetu. Muzungu hana jamaa, iko na imbwa yake na saa ya mukono tu. » Watu walicheka, na mimi nilicheka. Lakini kicheko kilinikaa kooni, kwa sababu nilikuwa nimetoka kukaa majuma matatu kwa bakwe zetu wa Finland, wakati wa Noeli na Bonane. Leo ninajibu. Muzee asikasirike: ninajibu neno, sijibu mutu.

Tulipataje bakwe kule? Mutoto wa dada yangu alikimbia vita pamoja na mama yake, akakomalia kambini nje ya inchi. Kiisha Finland ikamupokea kati ya wakimbizi ambao inawachukua kwa njia ya Umoja wa Mataifa. Akaolewa na kijana wa Kuopio, muji ulio kati ya maziwa. Mwaka ule walinitumia tikiti, nikaenda.

Sitaficha kwamba siku za kwanza zilinichoma. Mwezi wa 12, kule Kuopio jua linachelewa kutoka hadi karibu saa nne ya asubuhi, na mbele ya saa tisa limekwisha kuzama. Mutoto wetu akaniambia: « Muyomba, kwa mama-mukwe hatuendi bila kumujulisha siku na saa. » Nikasema moyoni: njo ile saa ya mukono! Na mukwe mwanaume unaweza kukaa naye saa nzima bila neno. Walituandalia samaki wadogo wanaoitwa muikku. Mutu wa Kivu angesema ni bandugu ya sambaza. Tulikula, tukanyamaza.

Halafu yule mama akaleta kitabu cha ukoo wao. Makanisa ya Kilutheri ya kule yanaandika waliozaliwa, walioolewa na waliokufa tangu miaka ya 1600, kwa hiyo aliweza kunihesabia vizazi tisa. Akauliza kwa upole: « Na kwenu? » Nikataja baba, nikataja babu, nikataja baba ya babu. Nikasimama pale. Miye, mutu wa miaka 58, mujumbe wa chama cha utamaduni! Baba yangu alijua kumi na moja, alivipata katika lubunga, pale wazee wa Babembe walipofundisha vijana jioni. Hakuna aliyenikataza kuviuliza. Nilikuwa na masomo, kiisha nilikuwa na kazi, kiisha baba akafa.

Tarehe 24, saa sita ya muchana, nyumba nzima ilikaa mbele ya televizyo kusikiliza tangazo la amani ya Noeli linalosomwa Turku, desturi inayotoka karne za kati. Kiisha, mbele ya kuingia sauna, tukaenda makaburini. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Jamaa nyingi zilikuwa pale, na batoto, na bazee wa fimbo, na kila moja ilikuwa na mishumaa. Waliondoa theluji kwa mikono, wakawasha. Giza lilipoingia, kilima chote kiliwaka. Karibu na kanisa kulikuwa mistari ya askari waliokufa katika vita vya 1939 hadi 1945. Finland ilijikaza kurudisha maiti zao, kila mumoja azikwe kwenye parokia ya kwao.

Mukwe yule asiyesema aliwasha mushumaa pa kaburi dogo, mbali na mengine. Nikauliza ni nani. « Mujukuu wa shangazi ya baba yangu. Hakuacha mutoto. Hakuna mwingine wa kumuwashia. »

Je, huyu njo hana jamaa?

Lakini neno lililonifanya nishike kalamu ni hili. Katika makaburi ya kule kuna mahali pa kuweka mushumaa kwa ajili ya wafu waliozikwa mbali. Mutoto wetu akapiga magoti pale katika theluji. Baba yake, shemeji yangu, alikufa Makobola, katika mauaji ya tarehe 30 Desemba 1998 hadi 2 Januari 1999. Akaniuliza: « Muyomba, kaburi lake liko upande gani? » Sikuwa na jibu. Kutoka kwangu hadi Makobola si hata safari ya siku moja. Nimepita njia ile mara ngapi? Sijashuka hata mara moja. Na kila Bonane, katika siku zile zile, tunachinja na tunacheza.

Najua watu watasema nini. Wa kwanza atasema: kule bazee wanakaa peke yao, jirani anaweza kufa na jirani asijue. Ni kweli, na sikuenda kuomba tuige hayo. Wa pili, wahubiri wetu, atasema kwenda makaburini ni upagani. Walutheri wale wanasoma Biblia ile ile, na sikuona mutu aliyeomba kaburi kitu. Wa tatu atasema: hatuna feza. Lakini kwa matanga tunapata feza ya bia, ya vitenge vya sare na ya muziki! Mushumaa unashinda bia kwa bei?

Tena, mishumaa ile ya Finland si desturi ya mababu wa kale. Ilienea sana katika karne ya 20, hasa nyuma ya vita. Ni watu walioumia walioamua: hatutasahau. Nasi tuna siku yetu, tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, walio hai na waliokufa. Tunaifanya nini? Asubuhi wachache wanang'oa majani, jioni wote wako kwenye bar.

Kwa hiyo ninaleta mambo matatu mbele ya chama. Kila memba aandike majina ya ukoo wake mbele ya muzee wake hajafa. Tarehe 1 Agosti kila jamaa isafishe kaburi lake, na lile la jirani ambalo halina mutu. Na mwisho wa mwaka twende Makobola, tuulize, tuandike majina.

Mimi nimeanza. Nimefika kizazi cha saba, kwa musaada wa shangazi wa miaka 90 ambaye sikuwa nimemutembelea tangu miaka minane. Aliponiona mulangoni, alisema: « Umekuja kuomba nini? »

Njo jamaa yetu hiyo, muzee. Tuitengeneze mbele ya kucheka ya wengine.