RELI YA ZAMANI SI CHUMA CHAKAVU

Ndugu wafanyakazi,

Wako watu wasemao kwamba stesheni za zamani za reli, karakana zake na nyumba za wafanyakazi ni mali iliyolala. Dawa yake, wasema, ni kuvunja na kuuza chuma kwa kilo. Wengine wasema hapana, zipakwe rangi zivutie watalii. Neno hili la pili ni jema kuliko la kwanza. Lakini sisi twauliza: faida itakuwa ya nani?

Reli hii ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani, mahali paitwapo Kisumu leo, mwaka 1901. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 katika hao walikufa. Waafrika nao walifyeka msitu na kubeba mizigo. Lakini uliza watu habari za reli, utasimuliwa simba! Simba wawili wa Tsavo waliouawa mwaka 1898 wamewekwa katika jumba la makumbusho huko Chicago, Marekani. Behewa ambamo Bwana Ryall, mkubwa wa polisi, alinyakuliwa na simba pale Kima mwaka 1900 limetunzwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Vyema, na litunzwe. Basi simba ana jumba lake, na bwana mkubwa ana behewa lake. Je, kuli aliyelaza mataruma ana nini?

Mwaka 2017 abiria wa Nairobi na Mombasa walihamia reli mpya. Katika stesheni ndogo za njia ya zamani, mama aliyeuza mayai na ndizi dirishani mwa gari la moshi alibaki na kikapu chake. Wenye haraka wasema mahali hapo pamekufa. Sisi hatukubali. Tazameni Makindu. Hekalu la Singasinga lililoko pale lilijengwa mwaka 1926 na watu waliofanya kazi ya reli, na hata leo wasafiri hupumzika hapo na kula bila malipo. Hakuna tajiri aliyewafundisha wafanyakazi hao kupokea wageni.

Na wale wasemao kwamba mfanyakazi hajui mambo ya watalii, na wasikie habari za Big Pit, Blaenavon, katika nchi ya Wales. Ulikuwa mgodi wa makaa ya mawe, ukafungwa mwaka 1980. Mwaka 1983 ulifunguliwa tena kwa ajili ya wageni. Mgeni huvishwa kofia na taa, akateremshwa mita 90 chini ya ardhi, na waliopewa kazi ya kumwongoza ni wachimbaji wenyewe. Mwaka 2000 UNESCO iliitia sehemu ile katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hatusemi kwamba kazi zote zilizopotea zilirudi, hazikurudi. Lakini ujuzi wa mchimbaji ulihesabiwa kuwa mali, wala haukutupwa pamoja na sururu yake.

Basi madai yetu ni haya.

Kwanza, pasiuzwe wala kuvunjwa jengo lolote la zamani la reli kabla wafanyakazi na wenyeji hawajasikilizwa.

Pili, jengo likifanywa makumbusho, hoteli au soko, kazi zitolewe kwanza kwa wastaafu na watoto wa mahali hapo, kwa mshahara wa haki. Hatutaki mzee aliyeendesha injini miaka thelathini afanywe mlinzi wa usiku mlangoni mwa injini yake.

Tatu, historia iandikwe nzima: kuli, fundi, karani na mpiga kengele, pamoja na migomo yao.

Lakini madai matupu hayatoshi. Kila tawi lianze mwezi huu kuandika majina ya wastaafu wake, kazi walizofanya na mambo wanayoyakumbuka. Wazee wanatutoka, na kila mmoja aendapo huenda na karakana nzima kichwani mwake. Tukikaa kimya, wengine wataandika historia yetu, na watarudia yale yale ya simba.

Injini bila dereva ni sufuria kubwa tu. Reli ilijengwa na watu, na watu hao ni sisi.

UMOJA NI NGUVU!