Mpangilio mbaya wa tovuti humnyima raia haki

SERIKALI inapozidi kuhamishia huduma zake katika tovuti ya eCitizen, namna kurasa zinavyopangwa si shughuli ya urembo tu. Ni suala la haki.

Funzo lipo Florida, Marekani. Katika uchaguzi wa urais wa 2000, kaunti ya Palm Beach ilikuza maandishi ya karatasi ya kura ili wazee wasome kwa urahisi. Majina ya wawaniaji yakatandazwa kwenye kurasa mbili, matundu ya kutoboa yakiwa katikati. Al Gore alikuwa wa pili upande wa kushoto, ilhali tundu lake lilikuwa la tatu. La pili lilikuwa la Pat Buchanan. Watafiti walikadiria kuwa zaidi ya wapiga kura 2,000 walimchagua Buchanan kimakosa. George W. Bush alitwaa jimbo hilo, na urais, kwa kura 537.

Nia njema, basi, haitoshi. Wabunifu wa tovuti za umma wasiridhike na sifa za wakubwa wanaotazama kompyuta pana ofisini. Wampe mkulima simu ndogo, kisha watazame kidole chake kinakwama wapi.