Mfungaji Husifiwa, Bawabu Husahauliwa

Barazani petu, baada ya sala ya isha, vijana hawaishi kubishana: je, timu ya mpira wa kikapu yahitaji senta ambaye kazi yake kubwa ni kulinda, au zama zake zimepita? Wengi husema zimepita. Mimi nasema hazijapita, na hoja zangu ni hizi.

Tuanze na Bill Russell wa Boston Celtics. Bwana huyu hakutajika kwa kutia vikapu. Wastani wake ulikuwa pointi 15 tu kwa mchezo. Lakini katika misimu yake 13, iliyokwisha 1969, Boston walitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Marekani mara 11. Hasimu wake, Wilt Chamberlain, alitia pointi 100 katika mchezo mmoja mwaka 1962, na msimu ule wastani wake ulipita 50. Bingwa alikuwa nani? Boston, tena baada ya kumtoa Chamberlain na wenzake njiani.

Russell akiuzuia mpira hakuupiga ukaenda kwa watazamaji ili ashangiliwe. Aliugusa ukabaki uwanjani, mwenzake akauokota na kukimbia nao. Ulinzi wake ndio uliokuwa mwanzo wa shambulio. Ajabu ni kwamba makarani wa ligi hawakuanza kuhesabu mipira iliyozuiwa mpaka msimu wa 1973-74, naye amekwisha staafu. Kazi iliyoleta mataji 11 haikuwa na mstari wake daftarini!

Wa pili ni ndugu yetu katika dini, Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, aliyekuwa akicheza na saumu yake mwezi wa Ramadhani. Utotoni alikuwa mlinda mlango wa kandanda, na tabia ile haikumtoka. Juni 1994, mchezo wa sita wa fainali, Houston walikuwa mbele kwa pointi mbili, na zimebaki sekunde za kuhesabu kwa vidole. John Starks wa New York akarusha mpira wa pointi tatu. Ungaliingia, ubingwa ungalikuwa wao. Hakeem akamfuata mbali na kikapu, akanyoosha mkono, akaugusa kwa ncha za vidole. Mchezo ukesha 86 kwa 84, na katika mchezo wa saba Houston wakatwaa kombe. Kweli, Hakeem alijua kufunga pia. Illa usiku ule kombe liliokolewa na mkono uliozuia.

Vijana hunijibu: Mzee, mstari wa pointi tatu, uliowekwa 1979, umemvuta senta nje. Golden State walimweka benchi senta wao mrefu katikati ya fainali za 2015, wakashinda. Denver nao walitwaa ubingwa 2023 kwa Nikola Jokić, senta anayesifiwa kwa pasi na vikapu.

Haya siyakanushi, lakini tazameni vyema. Golden State hawakuuacha mlango wazi. Walimkabidhi Draymond Green, mfupi kwa kimo cha masenta, lakini ulinzi ndiyo sifa yake. Na kando ya Jokić alikuwapo Aaron Gordon, aliyebeba mzigo mkubwa wa kuwakaba wapinzani. Kimo cha bawabu kimebadilika, ubawabu haukuondoka.

Wala sisemi bawabu peke yake atosha. Rudy Gobert alipewa tuzo ya mlinzi bora mara ya nne mwaka 2024, na mpaka hapo hakuwa na taji hata moja. Mlango bila kuta haukingi mvua.

Alhasili, enyi walimu wa michezo, kijana mrefu akija kwenu msimfundishe kufunga tu kwa kuwa ndiko kwenye makofi. Mfundisheni kulinda, kisha msifuni mbele ya wenzake. Wazee walisema nyumba njema si mlango. Naam, lakini hawakusema tujenge nyumba isiyo na mlango.