Leza italiona tuta, lakini nani ataona ramani?

Wewe unayepanda boda usiku unajua tuta lisilo na rangi: unaligundua ukisharushwa juu. Sasa kuna magari yenye skana ya leza juu ya paa. Yanapita tu barabarani, yakipima mamia ya maelfu ya nukta kwa sekunde, kisha programu inachambua yenyewe. Kitu chembamba kilichosimama wima ni nguzo. Panapoinuka ghafla kando ya lami ni ukingo. Panapong'aa zaidi ni mstari, kwa sababu rangi hurudisha leza kuliko lami.

Poa sana, ila rangi ikifutika programu haioni kivukio, hata kama watoto wa shule huvuka hapo kila asubuhi. Na ikifunzwa kwa barabara za Ujerumani, itajuaje mtaro usio na kifuniko, au njia iliyochongwa na nyayo zetu kando ya kibanda cha mama mboga?

Basi kaunti ikinunua hii kitu, tudai ifunzwe hapa, na ramani iwekwe wazi. Tuta lina kimo, leza italipata hata gizani. Likishakuwa kwenye ramani, hakuna mtu wa ofisini atakwambia eti hakujua lipo.