MAONI: Kijana, tuliza macho kabla hujatoa simu

Hebu jiulize, ni lini mara ya mwisho ulisimama mbele ya mchoro mmoja dakika nzima? Wengi wetu tukifika kwenye maonyesho ya sanaa tunatoa simu, tunapiga picha, tunaposti fasta, halafu huyoo, tumesonga. Tukiulizwa tuliona nini, lazima tufungue simu ndio tukumbuke.

Jicho halikuumbwa kutazama hivyo. Nyoosha mkono mbele yako, uangalie kidole gumba. Sehemu unayoiona vizuri kabisa kwa wakati mmoja ni kama upana wa kidole hicho tu. Kwingine kote ni ukungu, na ubongo ndio unaojaziliza. Kwa hivyo jicho hurukaruka, mara tatu hivi kwa sekunde, likiokota kipande hapa na kipande pale. Ukitupa jicho mara moja na kuondoka, umebeba vipande viwili vitatu tu.

Na halirukiruki ovyo. Mwanasayansi wa Usovieti, Alfred Yarbus, alichunguza macho ya mtu aliyetazama mchoro wa Ilya Repin, unaoonyesha mwanamume akiingia nyumbani bila kutarajiwa. Alipomtaka akadirie umri wa watu wale, macho yalienda kwenye nyuso. Alipomtaka apime hali ya maisha ya familia ile, yakahamia kwenye nguo na fanicha. Mchoro ni ule ule. Kilichobadilika ni swali.

Sasa simu. Mwaka wa 2014, Linda Henkel wa Marekani alichapisha utafiti kuhusu wanafunzi waliotembezwa katika makumbusho. Vitu walivyopiga picha nzima hawakuvikumbuka vizuri kama vile walivyotazama tu. Ila walipovuta kamera karibu, kwenye sehemu moja ya kitu, kumbukumbu haikupungua. Kumbe shida si kamera. Shida ni kuiachia kamera kazi ya kutazama.

Utaniambia kuposti kunamsaidia msanii ajulikane. Sawa, posti. Lakini msanii hajengwi na watu waliopita tu mbele ya kazi yake. Hujengwa na anayeikumbuka, anayeibishania, na anayerudi kuinunua siku akishika pesa.

Wewe wa Nairobi, kila mara unapanga kukutana na mabeste pale nje ya Archives. Umewahi kuingia ndani? Humo mna kazi za sanaa alizokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka wa 1966. Ingia, chagua tatu tu. Kila moja ipe dakika mbili na swali moja: Nani ana nguvu hapa? Mwanga unatoka wapi? Mbona rangi hii?

Uko mbali na Archives? Anza na matatu iliyochorwa hapo stejini kwenu. Itazame kabla haijajaa.