Uchumi Unapaa, Mbona Mshiko Hauonekani?

Ile mada ya wanaume wanaokopa pesa za harusi naiweka pembeni kwanza, nitawamalizia wiki ijayo. Leo tumwongelee mkopaji mkubwa zaidi, yaani serikali yetu, na mkopeshaji wake mmoja anayeitwa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Usifunue ukurasa! Mambo haya yanakuhusu, hasa wewe wa Mbagala unayeamka saa kumi alfajiri ili uwahi kibarua Posta.

Kijiweni kwetu kuna jamaa mmoja, akisikia redioni kwamba uchumi umekua kwa asilimia sita, lazima aulize: "Umekulia wapi huo? Mbona mimi sijakutana nao?" Washikaji wanacheka. Mimi sicheki, kwa sababu takwimu za serikali yenyewe ziko upande wake.

Cheki mwenyewe. Kwa miaka mingi kabla ya korona, pato la taifa lilikuwa likikua kwa asilimia sita, saba kila mwaka. Julai 2020 Benki ya Dunia ikatutoa kundi la nchi za kipato cha chini na kutupandisha kile cha kati, ngazi ya chini. Tukapiga vigelegele. Lakini Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilipohesabu watu wasiomudu mahitaji ya msingi, ilikuta asilimia 28.2 mwaka 2011/12, na ilipohesabu tena mwaka 2017/18 ikakuta 26.4. Miaka sita jamani, hata pointi mbili hazikutimia! Na kwa kuwa tunazaana haswa (sensa ya 2012 tulikuwa milioni 44.9, ya 2022 tukawa milioni 61.7), asilimia ilishuka huku maskini wenyewe, kichwa kwa kichwa, wakiongezeka.

Tena hebu mwone huyo maskini wa kwenye makaratasi. Mwaka 2017/18 mstari ulichorwa kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Gawanya kwa siku thelathini, unapata kama shilingi 1,644. Hapo ule, uvae, ununue sabuni na mazagazaga mengine yote. Ukitumia 1,700 hongera, umeshautoka umaskini! Kwa kipimo hicho, Dar es Salaam maskini walikuwa wanane tu katika kila watu mia. Vijijini walizidi thelathini na mmoja.

Hakuna uchawi hapo. Uchumi wetu ulikimbia kwenye ujenzi, madini, simu na mabenki, sehemu ambazo hazichukui watu wengi. Wengi wako shamba, na shamba linatoa kama robo tu ya pato la taifa. Sasa watu wengi wakigawana mkate mdogo, na mkate wenyewe unategemea jembe la mkono na mvua, unategemea nini?

Hapo ndipo benki inapoingia. Benki hii ilianzishwa mwaka 1964, makao yake makuu yako Abidjan, Ivory Coast, na wenye hisa ni nchi 54 za Afrika, sisi tukiwemo, pamoja na nyingine 27 za nje ya bara. Usidhani kuna dirisha unakwenda na kitambulisho unapewa mtaji wa genge. Wanakaa na serikali, wanaandika mkakati wa miaka kadhaa, kisha mikopo inafuata mkakati. Ule wa 2021 hadi 2025 ulibeba mambo makubwa mawili: miundombinu, na kuboresha mazingira ya biashara ili ajira zipatikane. Pesa zao utaziona kwenye barabara ya mzunguko ya Dodoma, kilomita 112, kwenye uwanja wa ndege wa Msalato, na kwenye lile zege la mwendokasi Barabara ya Kilwa.

Mimi siyo wale wanaoponda kila mkopo. Foleni ya Rangi Tatu mpaka Kariakoo ilikuwa inakula saa mbili za mtu kila asubuhi, na saa mbili za kibarua ni pesa. Ninachogombana nacho ni kingine. Zege lilikwisha, likakaa muda mrefu likisubiri mabasi, watoto wanaendeshea baiskeli juu yake. Mkopo wenyewe haukai kusubiri, wewe. Unahesabu.

Na atakayelipa ni nani? Mwaka 2006 wakubwa watatu, yaani Benki ya Dunia, Shirika la Fedha la Kimataifa na hii ya Afrika, walitufutia sehemu kubwa ya madeni ya zamani. Wazazi wetu walipumua. Haya mapya yanalipwa miongo na miongo, kwa hiyo wewe wa miaka 22 unayesoma gazeti hili kwa kuchungulia la jirani kwenye basi, bili ni yako. Una haki ya kuuliza imenunua nini.

Maana katika karatasi za miradi utakuta kilomita, vituo na idadi ya abiria, vyote vizuri. Mimi nataka ukurasa mwingine: wangapi walipata kazi, za muda gani, wangapi walipoteza. Mama ntilie waliowapikia wajenzi wa ile barabara walifanya biashara nzuri kwa miaka michache, kisha wajenzi wakaondoka na sufuria zikabaki. Kondakta mmoja wa daladala la Mbagala aliniambia hivi: "Braza, barabara nimeikubali, hata mama yangu ataipanda. Ila mimi mle ndani sina mlango wa kuning'inia, mageti yanasoma kadi. Niliyoijua ni kazi hii tu."

Nilimuuliza kama kuna mtu yeyote, wa serikali au wa mradi, aliyewahi kumfuata na daftari akamuuliza anajua kufanya nini kingine. Akanitazama, akapiga bodi mara mbili, gari likaondoka.

Haya, wiki ijayo ni zamu ya wale wa mikopo ya harusi. Mkae mkao wa kula.